Mlango Ulioachwa Siku Arobaini

Kizingiti cha duka la shemeji yangu Msellem kina vigae tisa. Ni vigae vya zamani vya maua ya buluu, kila kigae ua moja, kila ua petali nane. Nimevifagia miaka thelathini na mitatu, kwa sababu duka langu la kupinda kanga limegusana na lake hapa Ndia Kuu, na fagio langu halijui mpaka. Kwa hiyo asubuhi ile, siku moja baada ya khitma ya arobaini yake, nilipoona ua la kwanza limebaki na petali sita, na la tisa vilevile, nilijua kabla sijainama.

Mlango ulikuwa unajifunga.

Niliweka fagio chini, nikachuchumaa, nikapitisha kidole. Chokaa ilikuwa imetoka kwenye miimo yote miwili, imetambaa juu ya vigae, nyeupe, laini, ya uvuguvugu kama unga uliokandwa ukasahauliwa juani. Nikaikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukavunjika.

"Somoe!" niliita. "Somoe, njoo mlangoni, mdogo wangu."

"Nani yuko njiani?" akauliza kutoka ndani, maana alikuwa kwenye eda na hakutaka kuonekana na wanaume.

"Hakuna mtu. Mbarak kinyozi bado ananoa nyembe zake huko ndani kwake."

Akaja na kanga nyeupe kichwani, macho yamevimba, chetezo mkononi. Duka lao ni la manukato: udi, ambari, marashi, mafuta ya mkadi na ya asumini. Hata katika msiba hakuacha kufukiza, akisema Msellem akirudi kuchungulia asikute duka linanuka vumbi. Alitazama nilipoonyesha. Akahesabu petali kwa mdomo bila sauti. Kisha akatazama kile kiti.

Kiti kilikuwa cha Msellem, cha mvule, kipana, cha mikono, kimesukwa kamba. Mguu mmoja wa nyuma ulifungwa waya wa shaba kwa vile marehemu alikuwa mnene na akipenda kuegemea. Kilisimama katikati ya mlango, kimekingama. Ndiyo desturi ya mtaa huu: mwenye duka akitoka, au akifiwa, kiti huwekwa mlangoni, na ukiona kiti hupiti, hata ukiwa mwanawe.

"Nani alikiweka?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Siku ya maziko."

*

Mabarobaro wa sasa hawaikumbuki Ndia Kuu ya kabla ya chokaa hai. Mimi naikumbuka. Bahari ilipopanda, chumvi ilipanda nayo ndani ya kuta mpaka ghorofani, na mawe ya matumbawe ya nyumba hizi yakawa yanamomonyoka kama andazi lililochovywa chai. Kila masika nyumba moja ilikwenda chini. Ndipo wakaja watu wa Idara ya Kuta na mapipa yao, wakapaka mtaa mzima kutoka Ngomeni mpaka mwisho wa njia. Ndani ya chokaa ile mna wadudu wadogo wasioonekana, wanakula chumvi na kutoa jiwe. Ufa ukitokea leo, kesho kutwa umejiziba. Nyumba zikasimama. Tukachinja mbuzi.

Ila mdudu hana macho. Hajui hili ni dirisha na ule ni ufa. Anajua kwa joto la watu na mtikisiko wa nyayo. Tundu ambalo halijapitwa na mtu aliye hai kwa siku arobaini, kwake ni kidonda, na kidonda atakifunga. Kwa sababu hiyo tulijifunza kuamsha milango. Kila asubuhi mwenye duka hutia viganja vyake kwenye miimo yote miwili, akasimama kidogo mpaka ukuta umjue, ndipo akaingia. Jirani akisafiri, jirani humwamshia. Msellem nilimwamshia mlango mwaka mzima wa Hija yake na wa matibabu ya jicho lake, sikukosa siku.

Na safari hii sikumwamshia. Nani angefikiri? Nyumba ilijaa watu. Wanawake tuliingilia mlango wa uani, kwenye kichochoro, kama adabu ilivyo. Wanaume walikaa barazani na kwenye viti vya kukodi mpaka kwa Mbarak kinyozi. Aliyetaka maji alipelekewa. Watu zaidi ya mia walikula biriani la khitma, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga vigae vile, kwa heshima.

Wa mwisho kupita alikuwa mwenyewe, akibebwa.

*

Injinia wa Idara alikuja saa nne, binti wa Kigiriama aitwaye Kadzo, mfupi, buti zimejaa vumbi jeupe. Kwa kuwa ni mwanamke, Somoe alimkaribisha ndani, tukamzungushia mlango wa uani. Alibandika kikombe kidogo cha shaba ukutani, akatega sikio, akahamisha, akatega tena. Mimi na Somoe tulisimama kama watu walioleta mtoto hospitali.

"Jana mngenipata," akasema, "ningewaambia mpite mara saba, mrudi mara saba, na yameisha. Leo imeshaanza. Ikishaanza haisikii nyayo tena."

"Basi kata," Somoe akasema. "Una misumeno."

"Mama, kukata si kazi." Alichota chembe ya chokaa kwa kisu, akaitia kwenye kikaratasi. "Tatizo ni itakavyofanya baada ya kukatwa. Itajiona imeumizwa vibaya. Itatafuta jiwe la kujitibu upesi, na haitangoja chumvi. Itanyonya jiwe kutoka ukuta ulio karibu, ule ulio laini."

"Ukuta upi?"

Kadzo alisogea. Alibandika kikombe kwenye ukuta wa kushoto, ule tunaoshiriki, wa duka lao na langu. Juu yake, upande wangu, ndicho chumba cha binti yangu Arafa, aliyejifungua siku kumi na nane kabla.

"Huu," akasema.

"Muulize kama ukuta hutangulia kupiga hodi," nikamwambia Somoe, maana nikiogopa hutoa maneno ya upuuzi. Hakuna aliyecheka.

"Nimekata milango sita mtaa huu," Kadzo akaendelea. "Mitatu haikuleta neno. Miwili ukuta wa jirani ulipasuka, tukawahi nguzo. Mmoja ulianguka, nyumba nzima. Watu tulikuwa tumewatoa, lakini nyumba haikurudi. Kwa hiyo siku hizi sheria inasema, mwenye ukuta wa shirika sharti akubali." Akatoa kibao cha kioo mkobani. "Anaweka kiganja hapa. Mtahama wote mwezi mmoja. Mkirudi, huenda mkakuta nyumba, huenda mkakuta kifusi. Sitawadanganya."

"Na dawa ya kuiua?" Somoe akauliza. "Si mnayo?"

"Ipo. Lakini chokaa ya mtaa mzima ni mwili mmoja, mama. Nikiiua hapa nimeiua mpaka Ngomeni. Mvua mbili, na Ndia Kuu haipo."

Somoe akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama kile kibao, jinsi kilivyokuwa safi, hakina alama hata ya kidole.

"Mwanangu," nikamwambia Kadzo, "tuna muda gani?"

"Inakwenda robo kigae kila upande kwa siku. Siku kumi na saba, kumi na nane. Pande mbili zikikutana zinakuwa mfupa mmoja, hapo hata serikali haikati."

"Basi niache nifikiri."

"Fikiri, bibi. Lakini yenyewe haifikiri, inakwenda tu."

*

Nilimfundisha Somoe kutembea, na sasa nilimfundisha tena. Kwanza tulimwendea sheikh, akasema haja ya riziki ni haja, apite mlango wake asubuhi mapema. Basi kila alfajiri tulikiondoa kiti, Somoe akatoka hadi barabarani, akarudi, akatoka, akarudi, mikono yote miwili ikikwaruza miimo. Nilihesabu mpaka mia. Ukuta ulikuwa wa vuguvugu mikononi, wenye afya, kama ng'ombe aliyeshiba. Jioni nilihesabu petali.

Kisha nikakumbuka ukwaju. Chokaa na uchachu haviketi pamoja, hilo analijua kila mwenye sufuria. Niliroweka ukwaju beseni zima, nikapaka miimo kwa ufagio. Ikachemka, ikatoa povu, siku hiyo haikusogea. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nikatuma watu wanunue ndimu Marikiti, wakaleta kikapu, nikakaa kwenye baraza nikizikata na kuzikamua ukutani moja moja.

Mbarak akatoka kinyozini, taulo begani, mteja wake nyuma na povu shavu moja.

"Bi Mishi! Unatia ukuta achari?"

"Nyoa kichwa cha mwenzio, Mbarak, usije ukamkata sikio."

"Hapana, nauliza tu. Ukiiva niite na chapati zangu."

Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Alasiri aliniletea ndimu kumi na mbili kwenye kofia yake, akaziweka karibu na mguu wangu bila maneno. Muuza makuti akaleta siki. Muuza halua akaleta maembe machanga.

Siku ya tatu povu likakoma. Pale nilipopaka, chokaa ilikuwa imenenepa zaidi, imetoka kama ngozi ya kisigino. Ilikuwa imeula ule uchachu wote na kwenda mbele kwa robo tatu ya kigae kwa mkupuo, kufidia. Kadzo alipopita alivuta pumzi.

"Bibi, umeikasirisha."

Vigae vilibaki sita. Ni upana wa kiti.

*

"Kiache," Somoe akasema nilipotaka kukiondoa. "Kiache hapohapo. Mvule ule, Msellem alikuwa ratili mia mbili na hakikuvunjika. Kitaishikilia."

Tukakiacha. Chokaa ikagusa mkono wa kulia wa kiti, ikagusa wa kushoto, ikasimama. Siku ya kwanza ikasimama. Siku ya pili ikasimama. Watu wa Ndia Kuu walikuja kutazama, hata wageni wenye kamera. Somoe aliketi ndani kwenye kigoda, nyuma ya pazia, mimi niliketi nje na cherehani yangu niliyoisogeza pale, tukazungumza kupitia kiti kilicho katikati yetu. Moshi wa udi ulipita chini ya kamba zake. Wapita njia walipunguza mwendo walipofika hapo, kama walivyofanya siku zote, wakavuta pumzi.

"Dada Mishi."

"Naam."

"Leseni ya manukato ni ya mlango wa Ndia Kuu. Nikihamia kichochoroni si duka, ni stoo. Bibi harusi gani atapita kwenye ndoo za taka kutafuta udi?"

"Najua."

"Mimi sina mtoto. Wewe una Arafa, una wajukuu, una cherehani. Mimi nina huu mlango."

"Najua, Somoe."

"Basi weka mkono, dada."

Nilikuwa napinda kanga ya mtu, doti ya rangi ya zambarau. Nikafika mwisho wa pindo, nikakata uzi, nikaupachika tena sindanoni ingawa pindo lilikuwa limeisha.

"Kiti kinashika," nikamwambia. "Tungoje kidogo."

Kisha akasema taratibu, "Wewe tangu utoto. Mama akitugawia mkate unangoja mpaka wa kwako unaliwa na sisimizi."

Asubuhi ya siku ya tatu mikono ya kiti haikuonekana. Chokaa haikukisukuma wala kukivunja. Ilikizunguka tu, ikakifunika, kama ulimi unavyozunguka kipande cha sukari.

*

Nasema ukweli wangu kama ulivyo, maana hakuna atakayenifunga kwa huo.

Arafa hakunizuia. Siku ya kumi na saba nilipanda ghorofani na maji ya mtoto kuoga, nikakuta mabegi mawili kando ya ngazi, yamefungwa zipu, na juu yake beseni, na ndani ya beseni nepi zimekunjwa. Alikuwa anamnyonyesha mtoto, amekaa chini ya ule ukuta.

"Haya ya nini?" nikauliza.

"Tumeshaongea na baba wa mtoto. Tutakwenda kwao Kisauni mwezi huo mmoja." Hakuinua macho. "Sisi tuko tayari, mama. Ni mama mdogo yule. Yeye ndiye aliyeniosha mimi nilipozaliwa."

"Na nyumba ikianguka?"

"Itakuwa imeanguka."

"Unasema kana kwamba ni kikombe."

"Mama, hata mimi naogopa. Lakini ni shauri lako wewe. Kiganja ni chako."

Nikamwogesha mtoto. Nilimwosha masikio, nyuma ya magoti, katikati ya vidole, kila mahali, mpaka maji yakapoa. Nikajiambia Kadzo yuko kazini, nitamwita mchana. Mchana nikajiambia watu wamejaa njiani, nitamwita jioni. Jioni nikajiambia kesho, maana vigae bado viwili na nusu, na kwa mahesabu yangu palikuwa na nafasi. Nyumba hii ilijengwa na babu yetu. Niliutazama ule ukuta wa shirika, nikauwekea kiganja, na ukawa na joto, ukanijua. Huo tu. Sikuweza kuuondoa mkono wangu hapo nikaupeleka kwenye kioo.

Kesho yake mvua ilinyesha. Maji ya chumvi yalipanda mitaroni, na chokaa ikipata chumvi hula upesi. Hilo Kadzo hakutuambia, au alituambia nami sikusikia. Nilipofika pale na mwavuli, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha mkono, juu kidogo ya kiti.

"Somoe!"

"Nipo."

"Namwita Kadzo sasa hivi. Naweka mkono. Sasa hivi, nakwambia."

"Dada." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Alikuwa hapa ndani alfajiri. Ameshasikiliza. Huko ndani zaidi pande mbili zimeshakutana."

Nikaingiza mkono. Akaushika. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya mkadi. Tulikaa hivyo, mwavuli umenidondoka, mvua inaniingia shingoni, hadi nikahisi chokaa inagusa kiwiko changu pande zote mbili, polepole, kwa uvuguvugu, haina ubaya wowote na mtu.

"Toa mkono, dada," akasema. "Utaungana na jiwe humu."

Nikautoa.

*

Somoe alimaliza eda siku yake ilipotimia. Wanawake walimwosha, wakamvika nguo ya rangi, akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka kichochoro chote na kuja kutokea Ndia Kuu mchana kweupe, watu wamejaa. Mbarak aliona, akazima redio yake.

Pale palipokuwa mlango pana ukuta mweupe. Ni mzuri, sisemi uongo, laini kuliko kuta zote za mtaa. Chini yake kimebaki kigae kimoja kinachoonekana, nusu yake, petali nne. Na miguu miwili ya mbele ya kiti imetokeza nje kwa kiasi cha shibiri, mfano wa mtu aliyeketi ndani ya jiwe akanyoosha miguu. Wageni huipiga picha. Harufu ya udi haiko tena hapo. Nimeona watu wakipunguza mwendo kwa mazoea, wakanusa, wakaenda zao.

Nilikuwa mlangoni kwangu, nimeshika ukingo wa kanga yangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno siku zote zile, nikiyapanga na kuyapangua.

Somoe alisimama mbele ya ukuta wake. Akainua viganja vyote viwili, akaviweka palepale ilipokuwa miimo, akangoja kidogo kama mtu afanyavyo asubuhi. Kisha akavishusha. Akaja kwangu. Hakunitazama usoni, alitazama mlango wangu, juu mpaka chini, akaweka kiganja kimoja mwimo huu na kingine mwimo ule, akangoja mpaka ukuta umjue.

"Mlango wako mzima, dada," akasema.

Akaingia, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani, akachukua kanga ya juu kwenye rundo, akaanza kutafuta uzi wa rangi yake.

Tangu siku hiyo huja kila asubuhi, mapema kuliko mimi. Nikishuka ngazi namkuta yuko nje, mikono imeenea, ananiamshia mlango. Mara tatu nimefungua kinywa nimwambie asije, kwamba mimi nipo, nina miguu, naweza kuamsha mwenyewe. Mara zote tatu nimemwambia, "Ingia, chai tayari."